Sura ya Tano: Nani Anakunywa Esansi ya Mzee Djuma

"Mama, sikukuita uangalie kama anaiba," Mzee Djuma alisema. "Kuiba, anaiba. Nilikuita unionyeshe anaiba namna gani."

Mama Bwalya alivaa miwani. Wateja wa aina hii aliwajua: wanakuja na jibu tayari, wanataka uwatafutie swali la kulifunika. Alikuwa amefanya kazi ya forodha mpakani Kasumbalesa miaka ishirini na miwili, akipekua makamio, yale malori ya mizigo, na katika miaka hiyo watu walimficha sukari ndani ya tairi la akiba, vitenge chini ya samaki, na mara moja mbuzi mzima ndani ya kabati la nguo. Tangu alipostaafu, wenye mashaka ambao hawakutaka kuwaona polisi walimfuata yeye. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na daftari la shule, miwani yenye kamba, na pua.

Asubuhi hiyo, saa tatu na nusu, daftari lilikuwa wazi juu ya pipa tupu katika gereji ya Idriss, kule Kampemba. Mbele yake lilisimama kamio la tani tatu linalokula esansi, yaani petroli, kuukuu kuliko dereva wake, la bluu pale ambapo rangi ilibaki. Kwenye boneti palikuwa na kibao cha shaba kilichopigwa kwa nyundo: SUBIRA. Kibao alikipiga Mzee Djuma mwenyewe. Alikuwa mfua shaba, mwana wa mfua shaba aliyetoka Maniema, na masinia ya kahawa aliyoyapiga yamejaa katika nyumba za Waislamu wa mji huu. Hilo atakwambia hata kama hukumuuliza.

Kamio Subira lilikuwa likileta samaki wakavu kutoka Pweto. Zamani pipa moja la esansi na jerikani moja vilitosha kwenda na kurudi. Sasa, tangu majuma sita, mapipa mawili yalikuwa hayatoshi. Ufunguo wa tanki alikuwa nao mtu mmoja tu.

Mtu huyo alisimama karibu na geti, mbali na kila kitu chenye mafuta. Antoine, dereva, umri miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, suruali ya sherehe na viatu vya kung'aa. Hivyo sivyo watu wanavyovaa kuja gereji.

"Unaenda kwenye ndoa?" Mama Bwalya aliuliza.

"Kwenye kesi, Mama. Leo saa tisa familia ya Chancelvie, muchumba wangu, inakaa, pale Hewa Bora. Papa David, mujomba wake, alisema hawezi kumutoa mutoto kwa muntu mwizi. Kama nafika bila kusafisha jina, banavunja uchumba. Dot, ile mahari, banairudisha, na mambo inaisha."

"Nani alimwambia Papa David kama uko mwizi?"

Antoine hakunyoosha kidole. Alimtazama tu tajiri wake, na tajiri akaanza kukagua kucha zake.

"Nilimwambia muntu moja tu," Mzee Djuma alisema. "Pale msikitini."

"Na pale sokoni," Antoine alisema. "Na kwa mama yangu, mbele ya kanisa."

Mama Bwalya aliandika juu ya ukurasa: *saa tisa*. Akachora mstari chini yake mara mbili, akafunga kalamu, akapanda ndani ya kamio.

Alipekua kama alivyopekua mpakani, kuanzia juu kushuka chini. Kwenye kikingajua juu ya usukani: picha ya Chancelvie na risiti za ushuru wa barabara. Kwenye kisanduku cha dashibodi: bisibisi, kitabu cha nyimbo za kanisa, nusu ya andazi la siku nyingi. Chini ya kiti cha dereva mkono wake ulishika kitu kirefu, akakivuta. Ulikuwa mpira mwembamba kama ule wa kunyonyea mafuta kwenye tanki, mita moja na nusu.

"Si nilisema," Mzee Djuma alisema, na furaha aliyokuwa nayo haikumpendeza mtu yeyote pale. "Si nilisema mimi? Andika, Mama. Mupira."

Mama Bwalya alipeleka ncha ya mpira puani. Akafumba macho. Akanusa ncha ya pili. Antoine alikuwa ameanza kutoka jasho, na shati lilikuwa linapoteza pasi.

"Munkoyo," Mama Bwalya alisema.

"Munkoyo gani?"

"Ile ya mahindi na mizizi, Muzee. Ya kunywa. Na si ya jana. Esansi haijapita humu hata siku moja." Akamgeukia Antoine. "Sema."

"Niko na jerikani ya munkoyo nyuma ya kiti," Antoine alisema kwa sauti ndogo. "Njia ya Pweto iko na mavumbi mingi. Nanyonya tu pole pole, huku naendesha."

"Kwa nini usisimame ukanywa kama muntu?"

"Nikisimama inataka kuzima, Mama. Na ikizima ikiwa ya moto, haiwake tena. Unaweza kungoja saa muzima, bamama ya samaki banakutukana. Njo maana sizimake moteri. Hata tukipakua."

"Unasikia?" Mzee Djuma alidakia. "Mwenyewe anakubali. Kamio imesimama sokoni, moteri inalia, anachoma esansi yangu bure."

"Muzee, chagua moja. Anaiiba ao anaichoma?"

"Byote."

"Esansi ya kuchomwa haiuzike. Chagua moja."

Mzee Djuma alisema atachagua baadaye. Mama Bwalya akaandika: *ikizima ikiwa ya moto haiwaki*. Hilo lilimkaa moyoni, maana mwizi anapotunga uongo huutunga unaomsaidia, na huu haukumsaidia Antoine hata kidogo.

Akamwita fundi. Idriss alitoka chini ya teksi moja, akijipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. Alikuwa fundi mwenye maneno. Miaka kumi na minane ya moteri, kila mara alisema hivyo, na injini yoyote uliyomletea aliijua kabla hajaiona.

"Idriss, nitolee bujii zote. Uzipange hapa."

Zilikuwa sita, zile plagi zinazowasha moteri. Idriss alizipanga juu ya pipa, kando ya daftari. Zote zilikuwa nyeusi tititi, zimelowa, na masizi yake yaliacha alama kwenye kidole cha Mama Bwalya.

"Nikikuuliza swali ya kijinga, utanijibu bila kucheka?"

"Sitacheka, Mama."

"Kama mimi navuta esansi mu tanki na mupira, naenda kuiuza, bujii itakuwa nyeusi?"

Idriss alifikiri, akacheka. "Hapana, Mama. Bujii haiwezi kujua kama tanki imeibiwa. Hii nyeusi ni esansi yenye ilipita hapa, mu moteri, mingi kupita kiasi. Haikuungua yote. Inageuka moshi. Moteri inazama mu esansi, njo maana hata ikiwa ya moto haitake kuwaka. Tunasema imenwayé."

"Kwa hiyo esansi ya Muzee ilipita mu moteri ya Muzee, ikatokea ku exhaust ya Muzee."

"Njo hivyo."

"Basi haikuibiwa."

Antoine alishusha pumzi, na kama mambo ya dunia yangekuwa rahisi, angeenda zake Hewa Bora na shati safi. Lakini Mzee Djuma si mtu wa kushindwa na bujii.

"Basi anavutaka starteri," alisema. "Ile kifungo ya choki, ya asubuhi ya baridi. Anaivuta njia yote, esansi inamwagika. Ananikomoa."

Idriss alienda mbele ya kamio. Aliinua boneti, akaonyesha waya wa starteri. Ulikuwa umekatika zamani, na mlango wake mdogo ulikuwa umezuiwa wazi kwa kipande cha seng'enge. Ungeweza kuvuta kile kifungo mpaka ubaki nacho mkononi, na moteri isijue.

"Muzee, jina ya huyu kijana inasafishwa tu na kitu chenye kinaonekana," Mama Bwalya alisema. "Mimi nikienda kwa Papa David na bujii sita, atanifukuza. Tutafute mwenyewe yenye anamwaga. Iko humu ndani." Akagonga kabirateri, kile chombo kinachochanganya esansi na upepo kabla moteri haijala. "Idriss, fanya kazi."

Sasa Idriss alikuwa uwanjani kwake. Kwanza alimkamata chujio la upepo. Alisema likiziba, moteri hukosa pumzi, inabaki kula esansi tupu. Alilipiga ukutani, na vumbi lililotoka lilikuwa la njia nzima ya Pweto. Wote walikohoa. Idriss akalirudisha, akazirudisha na bujii, akawasha. Moshi ukatoka mweusi vilevile.

"Huyo alikuwa shahidi tu," Idriss alisema.

Akafungua kabirateri. Akatoa pwento, ile sindano ndogo inayofunga mlango wa esansi bakuli la ndani likijaa, akaitazama juani, akatoa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani. Kwenye ncha palikuwa na chembe ya kutu.

"Mwizi njo huyu," alisema. "Mudogo hivi. Inakaa hapa, mulango haifunge, esansi inaingia tu. Miaka kumi na munane, Mama. Nilijua tangu asubuhi."

Akakitoa kile kinachoelea ndani ya bakuli, floteri, akakitikisa karibu na sikio. "Na huyu haina kosa. Floteri ikitoboka inajaa esansi, unasikia inacheza ndani. Huyu kimya." Akapuliza kila tundu kwa kinywa, akafunga, akamwomba Antoine asogee aone mwenyewe jinsi kabirateri safi inavyofanya. Antoine akasogea. Lilikuwa kosa lake la kwanza siku hiyo.

Moteri iliwaka. Ikalia vizuri muda wa kuhesabu mpaka thelathini. Halafu esansi ikaanza kutoka pembeni mwa kabirateri, matone kwanza, halafu mkondo, ikaelekea kwenye chuma cha moto. Idriss alipiga kelele wazime, akavuta bomba ili alifunge, bomba likachomoka, na esansi iliyokuwa ndani ikaruka yote ikatua juu ya shati jeupe.

Mzee Djuma, mwenye miaka sabini na minne, ndiye aliyefika barabarani wa kwanza. Idriss alimwaga ndoo ya mchanga. Moto haukuwaka, Mungu ni mwema. Antoine alikuwa amesimama katikati ya gereji, mikono mbali na mwili, akinuka kama kituo cha esansi.

"Saa tano na nusu," alisema. "Nitaenda kwa bakwe nikinuka esansi. Banisemee nini tena?"

Mama Bwalya alimwambia avue shati, alianike, akae mbali na jiko la mama anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara. Kisha akatandika gunia safi chini.

"Idriss, fungua tena. Toa kila kitu. Kila kitu, hata skrubu. Panga hapa. Na usiseme huyu ni mwizi, huyu ni shahidi. Miye njo nitasema."

Hii ndiyo ilikuwa kazi yake. Mpakani hakuwahi kutafuta kilichofichwa. Alishusha mzigo wote chini, akautazama, akangoja. Mzigo wa uongo hupangwa vizuri kuliko mzigo wa kweli. Yule aliyeleta mbuzi kwenye kabati alikuwa amelifuta kabati vumbi, na makabati mengine yote kwenye kamio lile yalikuwa machafu.

Alikaa kwenye kigoda mbele ya gunia, miwani puani. Vipande kumi na tisa. Bakuli: jeusi kwa miaka. Skrubu: nyeusi. Majikleri, vile vitundu vya kupitishia esansi: yamechakaa. Springi, pini, vifuniko: vyote vya umri mmoja, vyote vya rangi moja ya uzee. Isipokuwa kimoja. Kimoja kiling'aa.

"Idriss, kwa nini floteri iko nyekundu?"

"Ni shaba, Mama," Idriss alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima.

"Naona ni shaba. Nauliza kwa nini."

"Ah, kwa nini." Idriss alijikuna shingo. "Mi niliona shaba, nikasema hii njo ya kweli, ya zamani. Siku hizi banaweka plastiki. Shaba ni shaba, Mama."

Katika mji huu wa migodi ya shaba watu hushuku kila kitu, mpaka maji ya mvua. Shaba hawaishuku. Shaba ndiyo iliwazaa, iliwasomesha, iliwazika. Mama Bwalya naye alizaliwa hapa, na ilimbidi ajilazimishe kukishika kile kipande kwa vidole viwili na kukitazama kama bidhaa ya magendo.

"Haukosi kabirateri zingine za mufano huu, zenye zilikufa."

Idriss alikuwa na katoni nzima. Alichimba, akafungua moja, akaleta floteri yake. Ilikuwa ya shaba ya njano, nyembamba, chafu, imepondeka kidogo ubavuni. Mama Bwalya aliiweka katika mkono wa kushoto, na ile nyekundu katika mkono wa kulia. Mkono wa kulia ulishuka.

"Leta beseni. Tia esansi ndani."

Waliinama wote juu ya beseni, hata Antoine, kifua wazi. Ile ya njano ilikaa juu ya esansi nusu mwili nje, ikizunguka. Kisha Mama Bwalya akaiachilia ile nyekundu. Ilishuka, ikasita, ikarudi juu kidogo, ikabaki imezama yote isipokuwa mgongo, upana wa ukucha.

"Inaelea," Mzee Djuma alisema haraka.

Mama Bwalya aliinua kichwa. Tangu asubuhi mzee huyu hakunyamaza hata dakika mbili. Tangu gunia litandikwe hakusema neno, na sasa neno lake la kwanza lilikuwa kukitetea kipande cha chuma.

"Idriss, eleza pole pole, Muzee asikie."

"Floteri inapanda na esansi," Idriss alisema, naye sasa alikuwa amepoteza maneno yake mengi. "Ikifika juu, inasukuma pwento, mulango inafunga. Kama iko muzito, inachelewa kupanda. Bakuli inajaa, inapita mupaka, esansi inamwagika mu moteri. Haina tundu. Njo maana nilimuachilia. Ni uzito."

"Nani aliifunga?"

"Siye miye," Idriss alisema. "Mi leo njo mara ya kwanza kufungua hii kabirateri."

"Antoine?"

"Ile ya zamani ilitoboka, Mama. Majuma saba imepita. Nilimwambia Muzee tununue ingine. Siku ile ile bakanipigia simu, nikaenda kwa kilio ya baba mudogo, Likasi, siku ine. Muzee alisema: enda, nitaangalia. Nilirudi, nikakuta kamio inatembea."

"Na esansi ilianza kupotea lini?"

"Tangu alirudi kwa kilio," Mzee Djuma alisema. "Njo nilisema, kule Likasi balimufundisha."

"Muzee, nakuuliza weye sasa. Ulipeleka kabirateri kwa nani?"

"Kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi moja hivi."

"Wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Jina?"

Mzee Djuma alitazama juu, kama vile jina liliandikwa kwenye mabati. "Nilisahau."

Mama Bwalya aliitoa floteri nyekundu kwenye beseni, akaipangusa kwa kanga yake, akaenda nayo mbele ya kamio. Aliishika kando ya kile kibao cha boneti. Kwenye kibao, kuzunguka herufi zote, nyundo ilikuwa imeacha alama zake: mbili kubwa, moja ndogo. Mbili kubwa, moja ndogo. Akageuza floteri juani. Kwenye ubavu wake mwekundu alama zilikuwa ndogo, lakini mwendo ulikuwa uleule.

"Huyu fundi yenye ulisahau jina," alisema bila kugeuka, "nyundo yake iko na pengo."

"Ni pengo ndogo tu," Mzee Djuma alisema. "Upande wa kushoto. Haiharibu kazi."

Kisha akaziba kinywa kwa kiganja, maana alikuwa amejisikia mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Idriss alijaribu, akaacha. Mzee Djuma akatafuta mahali pa kukaa, akaketi juu ya tairi.

"Ile ya zamani ilikuwa kama karatasi," alisema. "Nilisema, hii njo kazi? Kidole inapita. Nikakata shaba muzuri, nene, ya mukono wangu. Siku mbili sikutoka mu atelye yangu ya kufulia shaba. Nikaunga, nikapiga, nikasugua. Haitatoboka mupaka siku ya kiyama."

"Ni kweli haitatoboka," Idriss alikubali. "Inazama tu."

"Na hukumwambia muntu?"

"Kusema nini? Kazi ilikuwa safi. Esansi ikaanza kupotea, nikaangalia: nani iko na ufunguo ya tanki? Sikufikiria floteri. Nani anafikiria floteri, Mama?"

Antoine alikuwa ametoa shati kwenye kamba. Alilivaa polepole, kifungo kwa kifungo.

"Majuma sita," alisema. "Mama yangu aliacha kwenda kanisani, Muzee. Kwa sababu yako. Chancelvie analia, mi namwambia usilie, na mi mwenyewe nalia. Niko na hasira na weye. Nasema wazi, kwa heshima yote: niko na hasira."

Mzee Djuma alitikisa kichwa kukubali.

Idriss alifunga floteri ya njano, na safari hii hakutangaza kitu. Waliwasha. Moshi ulitoka mweusi kidogo wa mabaki, ukawa wa kijivu, ukaisha. Wakaacha moteri ikapata moto sana. Mama Bwalya akasema izimwe. Ikazimwa. Akahesabu mpaka mia moja, akasema iwashwe. Ikawaka mara ya kwanza. Wakarudia mara tatu, maana mara moja ni bahati, na yeye bahati hakuiandika daftarini. Hakuna tone lililoanguka. Ilikuwa saa nane na robo.

"Bon," Mzee Djuma alisema, akatoa simu. "Nitamutumia Papa David message ya sauti. Namba yake niko nayo. Ya muda murefu, ya heshima."

"Muzee," Mama Bwalya alisema. "Kumuita mwizi ulitembea na miguu yako, ku musikiti, ku soko, ku kanisa yenye hata haina yako. Kumusafisha unataka kukaa ku tairi?"

"Mi niko muntu muzima, Mama. Batanicheka."

"Ndiyo. Batakucheka."

Mzee Djuma alirudisha simu mfukoni, akapanda kamioni.

*

Sebule ya Papa David ilikuwa imejaa. Yeye mwenyewe alikaa katikati, mtu mnene, mwalimu wa zamani, na shangazi watatu wa Chancelvie walikaa kulia. Chancelvie hakuonekana, lakini pazia la korido lilikuwa na miguu. Mama Bwalya na Mzee Djuma walipewa viti, kwa sababu ni watu wazima na wageni. Antoine hakupewa. Alisimama kando ya mlango, na dirisha lilikuwa limefungwa, na joto la sebule likaanza kuliamsha shati.

Mama Martine, shangazi mkubwa, alinusa. Akanusa tena. Akamwinamia mwenzake.

"Esansi," alisema, na hakujali nani alimsikia. "Anakuja kwetu na harufu yake. Hata kunawa hakunawa."

"Kijana," Papa David alisema, "uliomba hii siku ya leo ujieleze. Tunasikia, na tunanusa pia. Eleza."

Antoine alimgeukia Mama Bwalya. Mama Bwalya alikuwa na daftari mkononi, ukurasa wote umejaa, lakini hakulifungua. Alimtazama Mzee Djuma.

Mzee Djuma alisimama. Alianza na kabirateri. Alieleza bakuli, pwento, esansi inavyopanda, floteri inavyosukuma. Alieleza vibaya. Alirudi nyuma, akataja kilio cha Likasi, akataja plastiki, akapotea. Shangazi wa tatu aliuliza kama huyu mzee anauza kitu. Papa David aliangalia saa.

Hapo mzee aliacha kueleza. Alitia mkono ndani ya kanzu yake pana, akatoa floteri nyekundu, akaiweka juu ya meza, kati ya glasi za maji.

"Mwizi njo huyu," alisema. "Huyu kijana hakuiba hata tone moja. Esansi yangu ilinywewa na hii. Nilimuita mwizi mbele ya bantu, nilimuita mbele ya mama yake, na mwizi nilimuzaa miye."

Pazia la korido lilitikisika. Papa David alinyoosha mkono, akaichukua floteri, akaipima kiganjani. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mstari wa kuungia haukuonekana, na uso wake wote ulikuwa umepigwa mapigo madogo ya nyundo, sawasawa mpaka mwisho.

"Mais hii kitu iko muzuri sana," alisema. "Vraiment, kabisa. Nani aliipiga?"

Shangazi wote waliinama kutazama. Ilipita mkono kwa mkono, na Mama Martine, aliyekuwa ameziba pua, aliachia pua aishike kwa mikono miwili. Akasema hata kwenye maduka ya wazungu hajaona shaba iliyopigwa hivi.

Mzee Djuma aliisikia sifa ile yote. Alingoja imalizike.

"Ni yangu," alisema. "Na ni kazi mubaya. Mupatieni huyu kijana kiti."

Hakuna aliyeinuka mara moja. Kisha Mama Martine aliweka floteri mezani, akasimama, akasukuma kiti chake mwenyewe mpaka mlangoni alipokuwa Antoine, akaenda kufungua dirisha.